Kesi ya Kale Barabarani Itebero: Pale Riwaya ya Upelelezi Inapokwama

Riwaya ya upelelezi inayofunga pamoja uhalifu wa leo na kesi ya miongo iliyopita ina kanuni yake. Zamani pana siri, na siri ina mwenyewe anayeogopa isifichuke. Maiti mpya inaokotwa, mpelelezi anavuta uzi, na uzi unampeleka kwenye faili lililosahauliwa. Msomaji anavumilia kurasa mia tatu kwa ajili ya swali moja: ni nani?

Ipeleke kanuni hiyo Itebero, katika teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara itokayo Bukavu kupitia Hombo kuelekea Kisangani, nayo itakwama kabla sura ya kwanza haijaisha. Huko waliotenda hutajwa kwa majina, au angalau kwa majina ya vikundi vyao, na watoto waliozaliwa baadaye wanasimuliwa. Kigumu ni kuyageuza yale yanayojulikana na kijiji kizima yawe ushahidi ambao hakimu anaweza kuutumia.

Waandishi wa riwaya wameizunguka kesi ya kale kwa njia mbalimbali. Agatha Christie, mwaka 1942, alimpa Poirot kesi ya miaka kumi na sita nyuma katika Five Little Pigs. Anachotegemea zaidi ni watu watano walioshuhudia, kila mmoja na maelezo yake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mara nyingi alikificha chanzo cha uhalifu katika ndoa na nasaba za zamani. Karibu zaidi na Kivu ni Mukoma wa Ngugi. Katika Nairobi Heat (2009), polisi wa Madison, Marekani, anakuta maiti ya msichana mlangoni mwa profesa Mnyarwanda anayesifiwa kwa kuokoa watu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, na ili kuielewa maiti hiyo analazimika kusafiri hadi Nairobi na kuuchunguza upya ushujaa huo.

Vitabu vyote hivi vina mpelelezi mwenye uhuru wa kuuliza, na mwisho wenye jibu. Walikale ina faili ambalo hakuna mtunzi angethubutu kulibuni.

Machi 1993 wanamgambo walishambulia Wahutu wa jamii ya Banyarwanda katika soko la Ntoto, hapo hapo Walikale. Mauaji yakaenea hadi Masisi. Mwishoni mwa 1996, baada ya kambi za wakimbizi za Kivu kuvunjwa, maelfu ya wakimbizi Wahutu kutoka Rwanda walikimbia kupitia Hombo, Itebero na Walikale wakielekea Tingi-Tingi, huku wakifuatwa na waasi wa AFDL na askari wa jeshi la Rwanda. Wengi waliuawa njiani. Karibu miaka kumi ilipita. Mwishoni mwa 2005 askari wa Umoja wa Mataifa walikuta makaburi matatu ya halaiki huko Rutshuru, na hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba kesi za kale zikusanywe. Kazi hiyo ilizaa ripoti iliyochapishwa tarehe 1 Oktoba 2010, inayojulikana kama Ripoti ya Mapping. Inaorodhesha matukio 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na Ntoto imo.

Hapa mpenzi wa riwaya ana la kujifunza kuhusu kazi yenyewe. Katika hadithi, shahidi mmoja mzee akikohoa na kusema, kesi imeisha. Watayarishaji wa ripoti walijiwekea sharti kwamba kila tukio litegemee angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Walihoji mashahidi zaidi ya 1,200. Hata hivyo, hawakuandika hukumu. Kipimo chao kilikuwa tuhuma zenye msingi, ambacho ni cha chini kuliko kile ambacho mahakama hudai kabla ya kumfunga mtu. Ndiyo maana majina ya watuhumiwa hayakuchapishwa. Yalibaki katika hifadhi ya siri huko Geneva, yakingoja hakimu atakayeyaomba.

Hakimu huyo angetoka wapi? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haiwezi kugusa yaliyotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002, na sehemu kubwa ya ripoti iko nyuma ya tarehe hiyo. Uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu hauozi kisheria kwa kupita miaka, lakini lazima pawe na mahakama iliyo tayari kuubeba. Daktari Denis Mukwege, ambaye hospitali yake ya Lemera ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wake kuuawa vitandani, alilalamika mbele ya dunia alipopokea Tuzo ya Nobel huko Oslo mwaka 2018 kwamba ripoti hiyo imeachwa ioze kwenye droo.

Miezi miwili kabla ripoti haijatoka, Walikale ilikuwa imeandika sura nyingine. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo. Kesi hii ilifika mwisho tofauti, na sababu si ujanja wa mpelelezi. Maelezo ya waathirika yalichukuliwa mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia na kabla watu hawajatawanyika. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la waasi la NDC lililotuhumiwa kushiriki ubakaji huo, ilitolewa mwaka 2011. Mwaka huo huo aligombea ubunge hapo Walikale, hati ikiwa juu yake. Alijisalimisha kwa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Julai 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Miaka kumi ilipita, lakini karatasi za mwanzo zilikuwepo.

Ntoto na barabara ya Itebero hazikupata karatasi za namna hiyo kwa wakati. Katika ardhi ya msitu wa mvua mifupa haidumu. Vipimo vya vinasaba, ambavyo riwaya za siku hizi huvipenda, vinahitaji ndugu wa kulinganishwa nao, na ndugu wa mkimbizi aliyefia njiani wanaweza kuwa Rwanda, Kongo-Brazzaville au Ulaya, au wasiwepo kabisa. Kinachobaki ni maneno ya watu, na watu wanazeeka. Watuhumiwa nao wanazeeka. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020 baada ya kujificha zaidi ya miaka ishirini. Kesi ikiwa inaendelea, akili yake ilionekana kuchakaa, na mwaka 2023 majaji wakaamua kwamba hana uwezo wa kushtakiwa.

Mlango hata hivyo haujafungwa. Desemba 2025 mahakama ya Paris ilimpa Roger Lumbala, aliyekuwa kiongozi wa waasi wa RCD-N, kifungo cha miaka 30 kwa kushiriki uhalifu dhidi ya binadamu uliotendwa kaskazini mashariki mwa Kongo mwaka 2002 na 2003. Ripoti iliyolalamikiwa kuozea kwenye droo ilikuwa tayari imeyaeleza matendo hayo miaka kumi na mitano kabla.

Basi anayetaka kutunga riwaya ya kesi ya kale kwa ajili ya Walikale asianze na bastola. Aanze na muuguzi wa kituo cha afya anayejaza rejista kila jioni, na mtu anayetengeneza nakala ya pili na kuipeleka mji mwingine. Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23, gereza la Munzenze lilivunjwa na wafungwa wakatoroka kwa maelfu. Machi, waasi hao waliingia Walikale-centre. Katika mkoa ambao mji wenye mahakama unaweza kutwaliwa usiku mmoja, faili lenye nakala moja tu haliwezi kuitwa faili salama. Msomaji wa magazeti naye, akisikia kesi ya zamani imefufuliwa, aulize maswali matatu kabla ya lile la nani: nani aliyatunza maandishi, yuko hakimu gani mwenye mamlaka ya kuyafungua, na mashahidi wangapi bado wako hai wa kuyathibitisha.