Mkondo wa Ngojeo katika Kikuza Sauti

Katika vitabu vya maelekezo vya vikuza sauti vya stirio vya miaka ya 1960 na 1970 kuna neno moja la Kiingereza ambalo kamusi hulifasiri kuwa “upendeleo”. Mfasiri akiandika “rekebisha upendeleo”, fundi wa nyumbani hatajua aguse nini wala apime nini. Inafaa basi tuitazame dhana yenyewe kabla ya kuipa jina.

Hatua ya mwisho ya kikuza sauti cha namna hiyo kwa kawaida huwa na transista mbili kwa kila upande wa stirio: moja hushughulikia nusu ya juu ya wimbi la sauti, ya pili nusu ya chini. Transista ya silikoni haianzi kupitisha umeme vya kutosha mpaka ipate takriban volti 0.6. Kwa hiyo wimbi linapovuka sifuri zote mbili zingekuwa zimelala, na muziki ungetoka na mkwaruzo, hasa ukipigwa kwa sauti ya chini. Dawa yake ni kuzitia volteji kidogo ili zipitishe mkondo mdogo hata pasipo na sauti yoyote.

Hapa yamo mambo mawili, nayo Kiingereza mara nyingi huyaita kwa neno lile lile: volteji inayotiwa, na mkondo unaopatikana. Twapendekeza la kwanza liitwe “volteji ya awali” na la pili “mkondo wa ngojeo”. “Mkondo tuli” ungependeza kwa ufupi wake, lakini “umeme tuli” una maana nyingine katika fizikia.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika vikuza sauti vya vali za kioo, volteji ya awali kwa kawaida huwa hasi. Ikizidishwa uhasi, mkondo hupungua. Katika vile vya transista, ikizidishwa, mkondo huongezeka. Agizo la “ongeza” lisilotaja kinachoongezwa laweza kuunguza chombo, kwani transista ikipata joto hupitisha mkondo zaidi, nao mkondo huzidisha joto, hata transista ikafa.

Maelekezo yaliyo wazi yangesomeka hivi: Zima chombo na uchomoe waya wa umeme, kumbuka kuwa kapasita kubwa hubaki na chaji. Ondoa spika (tusiseme “vipaza sauti”, maana wengine wataelewa maikrofoni) na uteremshe sauti kabisa. Bana nyaya za mita kwenye ncha mbili za kikinza cha emita, wala usizishike kwa mkono, kwani ncha ikiteleza huweza kuunganisha pasipotakiwa. Washa, ngoja dakika 20 hivi mpaka bamba la kupozea litulie katika joto lake, kisha zungusha skrubu ya kurekebishia polepole mpaka mita ionyeshe kiasi alichotaja mtengenezaji. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Kiasi hicho mara nyingi hutajwa kwa milivolti, ingawa kinachotafutwa ni mkondo: milivolti 10 katika kikinza cha omu 0.22 ni miliampea 45 hivi. Mfasiri asivichanganye vipimo hivyo.

Wala si kila chombo kina skrubu hiyo. Quad 405 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1975, ilibuniwa isihitaji marekebisho haya, na anayeifasiria maelekezo asiyaongeze.