Mtoto mwenye kisukari anapowaza chakula mchana kutwa

KOKWA za tende zilikuwa kumi na saba. Mama mmoja wa Tanga aliyetusimulia kisa hiki alizikuta asubuhi ya Jumamosi, alipokuwa akigeuza godoro la binti yake wa miaka sita ili alianike juani. Zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa cha zamani, zimelambwa zikawa safi kabisa. Kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo mashine ya kupimia sukari ilikuwa ikisoma juu kila alfajiri, na kliniki, kwa kufuata yaliyoandikwa katika daftari la vipimo, ilikuwa imekwisha kumwongezea mtoto insulini mara mbili. Aliyejua sababu ni mtoto peke yake.

Siku mbili kabla ya kokwa kuonekana, mtoto huyo alizidiwa madrasa. Alianza kwa kutoka jasho na kusinzia juu ya juzuu, na ustadhi akadhani ni usingizi wa mchana. Alipomwita, aliitika kwa maneno yasiyoeleweka. Alhamdulillah, dada yake mkubwa aliyekuwa safu ya nyuma aliijua hali ile, akakimbilia duka la jirani kuomba sukari, akaikoroga katika maji na kumnywesha taratibu. Nyumbani walistaajabu: mtoto ambaye sukari yake iko juu kila siku, vipi leo imeshuka kiasi hicho? Kokwa zile ndizo zilizotoa jibu. Insulini ilikuwa imeongezwa ili kukabiliana na tende zilizoliwa kwa siri. Siku kopo la tende lilipokuwa tupu, insulini iliyozidi haikupata cha kufanyia kazi isipokuwa sukari ile ile chache iliyokuwa mwilini.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wazazi wengi wenye watoto wa namna hii hutuambia maneno yanayofanana: "Mtoto wangu hawazi kitu ila chakula." Huamka akiuliza tutakula nini kabla hata ya kusema shikamoo. Huijua sufuria ya kila jirani. Akirudi kwenye walima, hakusimulii bibi harusi alivaa nini. Atakuhesabia sambusa, visheti na vipande vya keki, na atakwambia nani alipewa kikubwa. Binti wa Tanga alikuwa akichora sahani. Daftari lake la picha, lenye kurasa thelathini na zaidi, lilijaa wali, mahamri na chupa za juisi. Na nyumbani, kama ilivyo katika nyumba nyingi, walikuwa wamempa jina. Binamu zake walimwita Mlafi, na watu wazima walicheka.

Sisi tunadhani jina hilo si la haki. Kwa mtoto anayechomwa insulini lina hatari pia, nasi tutaeleza kwa nini.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto wengi wadogo, hakiletwi na peremende wala soda. Kinga ya mwili hugeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari iliyomo katika damu haiwezi kuingia ndani ya mwili kufanya kazi yake. Ndiyo maana mtoto huchomwa sindano kila siku, na ndiyo maana kila anachokila chenye wanga, uwe wali, muhogo, ndizi au tende, lazima kiende kwa hesabu na sindano hiyo.

Njaa ya mtoto huyu ina milango mitatu, na mzazi asiyeitambua atagonga mlango usio wake. Upo mlango wa sukari iliyopanda: damu imejaa sukari lakini mwili hauipati, basi mwili hulia njaa, tena kwa kawaida pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara. Upo mlango wa sukari iliyoshuka chini ya milimoli 4 kwa lita: njaa ya ghafla, mikono kutetemeka, jasho, hasira isiyo na sababu. Huyu anahitaji sukari papo hapo, kijiko kimoja hadi vitatu vya chai kulingana na umri na uzito wake kama daktari alivyoelekeza, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Ukimwambia mtoto aliyeshukiwa na sukari "acha ulafi, ngoja chakula cha jioni," unaweza kumpoteza. Kwa hiyo kabla ya kumkaripia, mpime.

Mlango wa tatu ni ule tuliouandikia makala haya. Mtoto kapimwa, sukari ni nzuri, kala akashiba, na bado macho yake hayatoki kwenye kabati. Hapa njaa haitoki tumboni. Inatokana na kule kukatazwa.

Kabla insulini haijapatikana, tiba pekee iliyoweza kurefusha kidogo maisha ya watoto hawa ilikuwa kuwanyima chakula. Daktari Frederick Allen wa New York aliwalaza wagonjwa wake kwa mlo wa kuwaweka hai tu. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka 12 ambaye ugonjwa ulikuwa umekwisha kumpofusha. Alitengwa chumbani, chakula chake kikipimwa kwa uangalifu mkubwa, na bado sukari iliendelea kuonekana katika mkojo wake. Baadaye ikabainika kwamba alikuwa akila dawa ya meno, na mbegu za ndege alizozichukua katika tundu la chiriku aliyekuwa ameomba aletewe awe mwenzake. Hatuwezi kukisoma kisa hicho bila kuzikumbuka zile kokwa kumi na saba.

Insulini ilipoanza kutumika Toronto, Januari 1922, kwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, ulazima wa njaa ile uliondoka. Lakini desturi ya kuwanyima imebaki katika nyumba nyingi, kana kwamba bado tuko zama za Allen. Mtoto huambiwa: sukari ni sumu kwako, hiki si chako, toka hapo.

Na kukataza kuna kazi yake ndani ya moyo wa mtoto, hata mtoto mwenye afya. Mwaka 1999 watafiti wa Kimarekani Jennifer Fisher na Leann Birch walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Walichukua biskuti za matunda za aina mbili ambazo watoto hawakuwa na mapenzi makubwa nazo. Aina moja iliachwa wazi. Nyingine iliwekwa katikati ya meza ndani ya chombo kinachoonyesha, na ikaruhusiwa kwa dakika chache tu. Haikupita muda watoto wakawa wanaizungumzia ile iliyozuiwa, wanaiomba, wanajaribu kuifikia. Hao walikuwa watoto wasio na ugonjwa wowote, na biskuti zenyewe hazikuwa na ajabu. Watu wazima pia hawakusalimika. Katika jaribio la njaa la chuo kikuu cha Minnesota, mwaka 1945, wanaume 36 wenye afya waliokula nusu mlo kwa miezi sita walianza kuota chakula, kulamba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi. Basi ya nini kumshangaa mtoto wa miaka sita aliyekaa mbele ya sinia la kaimati?

Tukilitaja sinia, tunamkumbuka mtoto mwingine. Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na mwenyewe alisimulia ukubwani kwamba mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume (S.A.W.) hakumwondoa, wala hakumpa jina. Alimfundisha alipo: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Umar anasema tangu hapo ulaji wake ukawa huo. Tuangalie kwamba mtoto alipewa mpaka ulio wazi na bado akaachwa penye sinia pamoja na wenzake.

Mama wa Tanga anakiri kwamba jambo la kwanza alilofikiria alipoziona kokwa lilikuwa kiboko. Jambo la pili lilikuwa kufuli. Muuguzi wa kliniki alimzuia asifanye lolote kati ya hayo, akamwambia maneno haya: "Ukimpiga, safari ijayo hutazikuta kokwa." Yaani mtoto ataendelea kula, ila atajifunza kuficha vizuri zaidi, na kipimo cha insulini kitaendelea kuandikwa kwa hesabu ya uongo.

Walichokifanya hakikuwa kikubwa. Utaratibu wa sindano ulibadilishwa kliniki, akawa anachomwa insulini ya muda mfupi pamoja na kila mlo, hivyo kukawa na nafasi ya kuhesabu. Tunasisitiza hili, kwa kuwa watoto wengi wetu bado hutumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na hao hawawezi kuongeza kitu kiholela. Milo yao na vitafunio vyao lazima viwe na saa maalumu. Asibadilishe mtu dozi kwa kusoma gazeti. Lakini hata kwa mtoto wa sindano mbili, saa maalumu yenyewe ni faraja. Neno "hapana" likageuka kuwa "saa kumi." Mtoto anayejua kwamba saa kumi ipo, na kwamba itafika kweli, hana haja ya kulinda kabati.

Tende zikarudi mezani kwa hesabu. Tende moja ndogo ina wanga wa gramu 5 au 6 hivi, na zile kubwa za Medjool hufikia gramu 18, kwa hiyo tende si jina moja tu. Binti alifundishwa kuzihesabu mwenyewe. Nyumba nzima ikaacha kula vitamu kwa kujificha jikoni, maana watoto husikia mfuniko wa kopo hata wakiwa usingizini. Na jina la Mlafi likapigwa marufuku, akaanzia baba.

Kazi ngumu ilikuwa kwa bibi. Bibi mzaa baba alikuwa akimpa mjukuu kashata nyuma ya mlango, kwa huruma, huku akilia. Mkwewe hakumgombeza. Alimwendea baada ya Isha, akaketi chini karibu naye, akasema: "Mama, sikukatazi kumpa mjukuu wako. Ukimpa, niambie tu, nimchome kwa hesabu." Bibi alinyamaza kitambo, kisha akamwambia ni vipande vingapi. Tunaona hapo ndipo mambo yalipobadilika kuliko pote, maana siri ya mtoto ilikuwa na mshirika mzima.

Wazazi wengine watauliza kuhusu vizuizi visivyo vya kisukari. Mtoto mwenye mzio mkali wa karanga hawezi kupewa hata chembe, na hapo njia ni nyumba kupika chakula ambacho wote watakila bila karanga. Mtoto wa maradhi ya figo anayevimba mwili huzuiwa chumvi, na mara nyingi hupewa prednisoloni, dawa ambayo yenyewe huchochea hamu ya kula. Huyo anaonewa mara mbili akiitwa mroho. Tena wapo wachache waliozaliwa na hali iitwayo Prader-Willi: utotoni kabisa walikuwa walegevu na wagumu wa kunyonya, kisha wakaja kuwa na njaa isiyoshiba kwa kiasi chochote. Kwa hao kufunga kabati ni sehemu ya tiba. Mzazi anayeziona dalili hizo amuulize daktari wa watoto.

Ramadhani ndiyo mtihani wa mwaka kwa nyumba hizi. Mtoto ambaye hajabaleghe hana wajibu wa kufunga, na mwenye kisukari aidha asijaribiwe kwa ile nusu siku ya kushindana na wenzake. Mama huyu alimpa binti kazi nyingine: kuamsha watu daku, na kupitisha sahani ya tende adhana ya Magharibi inapoingia.

Mwaka uliopita, siku ya kwanza, alipita na sahani kwa babu, kwa bibi, kwa wajomba na kwa binamu wale waliomwita Mlafi. Alipofika kwa mama yake aliketi, akainyoosha mikono apimwe, akachomwa, akachukua tende yake moja. Bado huuliza kila asubuhi leo tunakula nini, na mama yake bado huamka saa nane usiku kumpima. Lakini siku ile alipomaliza kula, kokwa aliiacha ukingoni mwa sahani.