Viti vya ngozi: mafuta ya alizeti yabaki jikoni

Kiangazi Mtinko vumbi huingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimefungwa. Anayetaka kuuza gari lenye viti vya ngozi hushawishika kuvipaka mafuta ya alizeti, kwani Singida yapo tele, na kiti hung'aa mbele ya mnunuzi. Hapo ndipo hasara huanzia. Ngozi nyingi za viti vya magari yatokayo Japani zina utando wa rangi juu. Mafuta hayapenyi. Hubaki juu, hunasa vumbi na hatimaye hunuka. Vumbi nalo husugua utando kama msasa hadi kiti kipasuke, na kukishona upya si gharama ndogo.

Ondoa vumbi kwanza kwa brashi laini, hasa kwenye mishono, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni isiyo kali. Kausha kivulini ndipo upake losheni ya ngozi, kidogo tu. Mafuta ya taa na petroli havifai kabisa.

Mnunuzi naye apapase kiti, kikinata, kimepakwa. Aangalie pia ubavuni na mgongoni, maana mara nyingi huko ni plastiki, na bei ishushwe ipasavyo.