Kanuni za bunge zinavyoamua fedha za shaba na kobalti zinazorudi Kolwezi

KOLWEZI – Shaba na kobalti zinazochimbwa Lualaba hulipiwa mrabaha. Asilimia 50 ya fedha hizo hubaki kwa serikali kuu, asilimia 25 huenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au eneo la kichifu ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo.

Mgawanyo huo uliamuliwa na wabunge na maseneta mjini Kinshasa, wakifuata kanuni zinazosema nani aanze kusema, nani apige kura, na kura ngapi zinatosha. Kwa mkazi wa Dilala au Manika, kanuni hizo zina uzito sawa na sheria yenyewe.

Safari ya sheria ya madini

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilitoza mrabaha wa asilimia 2 kwa shaba na kobalti. Serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuibadilisha mwaka 2015, kisha mwanzoni mwa 2016 ikauacha, wakati bei ya madini ilikuwa imeshuka. Mwaka 2017 mswada ukarudi.

Hapo ndipo kanuni zilipoanza kazi. Mswada ukifika Baraza la Wabunge, kwanza hujadiliwa kwa jumla na wabunge huamua kama unapokelewa. Ukipokelewa, hutumwa kwenye kamati. Kamati huuchambua na kuleta ripoti, ndipo kikao kizima hupiga kura kifungu kwa kifungu, na mwisho juu ya mswada wote.

Baraza la Wabunge liliupitisha Desemba 2017. Seneti nayo ilifanya mabadiliko yake Januari 2018. Kwa kuwa matini mbili hazikufanana, kamati ya pamoja yenye idadi sawa ya wabunge na maseneta ilikaa kuzilinganisha. Kama isingeelewana, Katiba inalipa Baraza la Wabunge neno la mwisho.

Rais Joseph Kabila alitia saini Machi 9, 2018, siku mbili baada ya kukutana na wakuu wa makampuni ya madini waliopinga mabadiliko hayo. Mrabaha wa shaba ukapanda hadi asilimia 3.5. Kobalti, baada ya kutangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, ikapanda hadi asilimia 10.

Lakini katika safari yote hiyo Lualaba haikuwa na seneta wake. Jimbo lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa mara nne, wakati maseneta waliokuwa kazini walichaguliwa mwaka 2007 kwa jina la Katanga. Maseneta wa kwanza wa Lualaba walichaguliwa mwaka 2019.

Nani anaandika kanuni

Kifungu cha 112 cha Katiba kinasema kila baraza hujiandikia kanuni zake za ndani. Kazi hiyo hufanyika katika kikao maalumu cha kwanza baada ya uchaguzi, chini ya ofisi ya muda inayoongozwa na mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, akisaidiwa na wawili walio wadogo zaidi.

Kanuni hizo haziwezi kutumika kabla ya kupelekwa Mahakama ya Katiba, ambayo ina siku 15 kuamua kama zinalingana na Katiba. Kifungu kinachokataliwa hakitumiki. Siku 15 zikipita bila jibu, kanuni zinahesabiwa kuwa sawa.

Umuhimu wa ofisi ya muda ulionekana Desemba 2020. Baada ya siku za vurugu na viti kuvunjwa ukumbini, wabunge walimwondoa spika Jeanine Mabunda kwa kura 281 dhidi ya 200. Christophe Mboso, mkongwe kuliko wote, alishika usukani pamoja na wabunge wawili vijana, na Februari 2021 akachaguliwa spika kamili.

Hesabu ya kura

Baraza la Wabunge lina viti 500. Kikao hakiwezi kuamua bila zaidi ya nusu ya wabunge, yaani 251. Sheria ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya waliopo. Kwa hiyo, wakihudhuria 251 tu, kura 126 zinatosha. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Sheria za kimsingi, zile zinazopanga taasisi za nchi, zinahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote.

Kura ya mwisho juu ya sheria hupigwa kwa kuita majina, mbunge akijibu kwa sauti, au kwa chombo cha kuhesabia kura. Kura inayohusu mtu, kama kumchagua au kumwondoa kiongozi, hupigwa kwa siri. Kwa njia hiyo mwananchi anaweza kujua mbunge wake alipiga kura gani juu ya sheria ya madini, lakini si alivyopiga juu ya spika.

Zamu ya bunge la jimbo

Kanuni za namna hiyo zinalihusu pia bunge la jimbo pale Kolwezi. Nalo hujiandikia kanuni, na hupitisha sheria za jimbo ziitwazo édit. Hukutana katika vikao viwili vya kawaida: kuanzia Machi 30 hadi Juni 30, na kuanzia Septemba 30 hadi Desemba 30.

Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Hapo ndipo ile asilimia 25 ya mrabaha hugeuka barabara, shule au mishahara, na hapo kiti cha mjumbe kikibaki tupu, hasara ni ya waliomtuma.

Vikao ni vya wazi, isipokuwa pale wajumbe wanapoamua kujifungia. Na kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kwa wanaoishi jirani na migodi, ombi linalofika kabla ya Septemba 30 lina nafasi ya kusomwa bajeti ikiwa bado mezani.