Kompyuta ya Kikundi Isiyo na Intaneti

Vikundi kadhaa vimetuuliza: kompyuta yetu haina intaneti, tutaisasishaje? Jambo hili si la kupuuza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeshaitoa tangu Machi.

Sisi tunatumia programu ya bure iitwayo WSUS Offline Update. Mmoja wenu aende mjini penye intaneti, afungue UpdateGenerator na kuchagua Windows yenu hasa. (Mwandikieni kwenye karatasi kabla hajapanda matatu: ni Windows gani, biti 32 au 64!) Ikimaliza, abebe folda ya client kwenye flashi. Nyumbani, wekeni kwanza nakala ya hesabu za kikundi, halafu fungueni UpdateInstaller. Kompyuta ikishajizima na kujiwasha, ifungueni tena, na tena, mpaka pasiwe na kilichobaki. Hapo ndipo wengi huachia njiani.

Na ikikataa? Angalieni tarehe. Ile betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma na kukataa mafaili mapya. Kisha angalieni kama diski imejaa. Makosa mengine huandikwa katika faili wsusofflineupdate.log, ndani ya folda ya Windows. Stima ikiwa ya kupotea-potea, ngojeni siku nyingine.