Kwa nini si kila ndege ndogo inaweza kuvuta glaida Gusii

MILIMA ya Gusii ina kile ambacho rubani wa ndege isiyo na injini, maarufu kama glaida, hutafuta kila siku: hewa inayopanda. Upepo unaovuma na kugonga ukingo mrefu kama ule wa Manga hulazimika kuelekea juu, nayo ardhi iliyopigwa na jua la asubuhi hutoa hewa ya joto inayoweza kuibeba glaida kwa muda mrefu.

Hata hivyo, glaida haiwezi kujiinua. Sharti ivutwe, ama na mashine iliyo ardhini au na ndege nyingine yenye injini. Njia hii ya pili ilianza kutumika Ujerumani mwaka 1927. Hapa Kenya, mchezo huu umejulikana zaidi Mweiga, Kaunti ya Nyeri, kuliko magharibi mwa nchi.

Kwa wakazi wa Kisii na Nyamira, uwanja wa ndege ulio karibu ni ule wa Suneka, kando ya barabara ya kutoka Kisii kuelekea Migori. Mtu anaweza kudhani kwamba pakiwa na uwanja, ndege ndogo na kamba, kazi imekwisha. Sivyo.

Kulabu

Kifaa cha kwanza ni kulabu inayofungwa chini ya mkia. Haifungwi kwenye bati la nje, bali kwenye kiunzi chenyewe cha ndege, mahali ambapo mhandisi amethibitisha kwamba panaweza kuhimili mvuto. Kutoka kwenye kulabu hiyo, waya hupita ndani ya ndege hadi kwenye mkono ulio karibu na rubani, ambao akiuvuta kamba huachiliwa.

Kazi muhimu zaidi ya kulabu ni kuachilia wala si kushika. Glaida ikipanda juu kupita kiasi nyuma ya ndege inayoivuta, huunyanyua mkia wa ndege hiyo na kuielekeza pua ardhini. Jambo hili likitokea karibu na ardhi, rubani ana sekunde chache tu za kujiokoa. Baadhi ya kulabu za muundo wa zamani hugoma kufunguka kamba inapovuta kwa nguvu kuelekea juu, na ndiyo sababu kulabu hujaribiwa ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu.

Badiliko la namna hii halifanywi kienyeji. Linahitaji michoro iliyoidhinishwa, fundi mwenye leseni na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA.

Kamba na kioo

Kamba, ambayo aghalabu huwa na urefu wa mita 40 hadi 60, haitakiwi kuwa imara kupindukia. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinataka ikatike kwa nguvu isiyopungua asilimia 80 ya uzito wa juu ulioidhinishwa wa glaida, na isiyozidi mara mbili ya uzito huo. Kwa glaida ya kilo 500, hiyo ni kati ya kilo 400 na 1,000. Kamba ikiwa na nguvu zaidi, huwekewa kiungo maalumu kitakachokatika kwanza, kabla ya mkia au bawa kuvunjika.

Rubani anayevuta huhitaji pia kioo cha kutazama nyuma. Bila kioo hicho, hawezi kujua mapema kwamba glaida imeanza kupotoka.

Injini na hewa nyepesi

Ugumu mkubwa wa Gusii uko kwenye injini. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata katika kimo cha mita 1,500, joto likiwa nyuzi 25, uzito wa hewa hubakia kiasi cha asilimia 80 ya ule wa pwani katika hali ya kawaida. Injini ya nguvu za farasi 180 isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hutoa takriban 140 tu.

Wakati huohuo propela huwa na hewa kidogo ya kusukuma, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuiinua ndege. Kwa hiyo ndege inayomudu kazi hii Mombasa inaweza kumaliza njia yote ya kurukia huko milimani bila kupaa.

Tiba yake ni injini kubwa, propela iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda badala ya kukimbia, na kupunguza uzito kwa kuondoa viti na mizigo isiyohitajika. Ndege aina ya Piper Pawnee, iliyoundwa kwa kunyunyizia dawa mashambani, imependwa sana kwa kazi hii katika nchi nyingi kwa sababu ina injini kubwa na umbo imara.

Kuna pia suala la joto. Ndege inayovuta hupanda polepole huku injini ikitumia nguvu zote, na hewa ya kuipoza ni chache. Kipimo cha joto la silinda na kipozeo kizuri cha mafuta ni vya lazima. Baada ya kuachana na glaida, rubani hapaswi kuzima nguvu ghafla na kuteremka kwa kasi, maana silinda zikipoa upesi zinaweza kupasuka.

Ardhi iliyo chini

Kamba ikikatika mara tu baada ya kupaa, glaida hulazimika kutua mbele yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba mengi ni vipande vidogo vya chai, migomba na mahindi kwenye miteremko, nyumba zikiwa katikati. Ni sehemu kama Borabu, yaliyokuwa mashamba ya walowezi, zenye viwanja vipana kidogo.

Isitoshe, saa za mchana ambapo hewa ya joto hupanda vizuri ndizo mara nyingi hutangulia mvua ya radi na mawe ambayo wakulima wa chai wa eneo hili wanaijua vyema.

Kwa hiyo yeyote anayefikiria kuleta mchezo huu Gusii aanze kwa kukagua ardhi inayozunguka uwanja na kupima uwezo wa injini katika joto la mchana. Kulabu yenyewe hununuliwa mwishoni, baada ya mambo hayo mawili kupata jibu.