Mgeni Aliyewacheka Wenyeji Wake

Lugha yetu ina neno moja, mgeni, ambalo hufanya kazi ya watu wawili. Mgeni ni yule aliyealikwa karamuni akawekewa mkeka, na mgeni ni yule vile vile asiyejulikana atokako. Mwingereza huwatenganisha. Anayekaribishwa chai ana jina lake, na yule aliyetakiwa zamani kupeleka karatasi zake kwa polisi ana jina jingine, nalo ni alien. Jina hili la pili ndilo alilolichagua Bwana George Mikes, Mzungu wa Hungaria, alipotoa kitabu chake London mwaka 1946. Alikiita How to be an Alien, yaani namna ya kuwa mgeni wa aina hiyo isiyoalikwa. Ni kitabu chembamba, chenye michoro ya Nicolas Bentley, na kazi yake tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho ni kuwacheka Waingereza. Waingereza nao walikinunua kwa furaha, hata kikapigwa chapa zaidi ya mara ishirini.

Mikes, ambaye wenyewe kwao hutamka jina lake Mikesh, alizaliwa mwaka 1912 katika mji mdogo wa Siklós, kusini mwa Hungaria. Alisoma sheria Budapest, lakini akapenda zaidi kazi ya magazeti. Mwaka 1938, Ulaya ilipokuwa ikitetemeka kwa sababu ya shauri la Munich, alitumwa London kupeleka habari kwa muda wa majuma mawili. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe lake, yaani kalamu, akalima kwa lugha ambayo si ya mama yake, wala hakurudi kwao kukaa tena. Alifia London mwaka 1987.

Asidhani msomaji kwamba alishikwa na mapenzi ya ukungu wa London. Mikes alikuwa wa jamaa ya Kiyahudi. Mwezi wa Mei wa mwaka ule ule wa 1938 Hungaria ilitunga sheria ya kuwazuia Wayahudi wasizidi ishirini kwa mia katika kazi kama uandishi wa magazeti, uwakili na uganga. Kazi mbili alizosomea na kuzifanya zilikuwa zimefungwa mlango, au karibu kufungwa. Mwaka 1944, kati ya Mei na Julai, Wayahudi zaidi ya 400,000 walichukuliwa kwa magari ya moshi kutoka Hungaria, wengi wao wakapelekwa Auschwitz kuuawa. Wakati huo Mikes alikuwa akifanya kazi katika idara ya Kihungaria ya BBC, naye kwa sheria alikuwa raia wa nchi adui, kwa maana Uingereza ilitangaza vita juu ya Hungaria mwezi wa Desemba 1941. Basi mtu aliyeandika mizaha juu ya chai na mvua hakuwa mtu asiyejua machozi ni nini.

Katika utangulizi wa kitabu chake kuna kisa kifupi ambacho nadhani kinapita vyote. Binti mmoja wa Kiingereza alimwuliza kama angemwoa, naye Mikes akajibu kwamba mama yake asingekubali aoe mgeni. Binti akashangaa, na Mikes akauliza kama huyo binti mwenyewe, akiwa Budapest, si mgeni pia. La, akajibiwa, Mwingereza si mgeni mahali popote. Kweli ni kweli, haibadiliki kwa kuvuka bahari.

Wasomaji wa London walicheka hapo. Msomaji wa Nyeri au Kisumu atacheka pia, lakini atakumbuka na jambo jingine. Uingereza ilimtaka mgeni ajiandikishe kwa polisi na kuwa na cheti chake. Kenya mambo yalikuwa kinyume. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwenyeji mwanamume ndiye aliyetakiwa kuchukua kipande, nacho kikatundikwa shingoni ndani ya kisanduku cha bati, na Mzungu aliyeshuka melini Mombasa juzi akapita bila kuulizwa. Huyo binti wa Kiingereza, pasipo kujua, alikuwa ameeleza sheria ya Kenya kwa maneno machache kuliko mwanasheria yeyote.

Turudi kitabuni. Mikes anaanza na hali ya hewa. Anasema mgeni akitaka kuishi na Waingereza lazima ajue kuisema, akatunga mazungumzo ya mfano, moja la siku ya jua na moja la siku ya mvua, na sharti moja kubwa: mtu akisema ni siku njema, usimpinge, hata ukiwa umelowa mpaka mifupani. Kisha anaeleza foleni, ambayo Waingereza huipanga kwa moyo kama watu wengine wanavyokwenda ngomani. Kisha mitaa ya mji, inayopinda bila sababu na kubadili majina katikati ya njia, na nyumba zake zikawa na namba zisizofuatana. Anaona kwamba haya yote yalifanywa kwa makusudi ili mgeni apotee. Mambo ya chumbani ameyapa sura nzima, na sura hiyo ina sentensi moja tu.

Juu ya chai amekosana na nusu ya dunia. Anasema chai ilikuwa kinywaji kizuri hata Waingereza walipoanza kutia maziwa. Hapo naona amepoteza marafiki wengi kutoka Kericho mpaka Limuru, ambako mtu akikuletea chai kavu utauliza kama ng'ombe amekufa.

Iko na sura juu ya watumishi wa serikali, ambayo mimi niliye karani niliisoma mara mbili. Afisa wa nchi nyingine za Ulaya, asema Mikes, hujiona jemadari mdogo, na kila ajaye dirishani kwake humtazama kama adui aliyeshindwa vitani. Mtumishi wa serikali wa Kiingereza hana makeke ya askari; ni mpole na maneno yake ni laini. Sitasema ni ipi kati ya tabia hizo mbili iliyofika katika ofisi zetu. Waliokaa bomani tangu saa mbili asubuhi na cheti mkononi wanajua wenyewe.

Lakini lililo kubwa ni namna kitabu kilivyopokewa. Mikes alikuwa amejiandaa kwa vita. Alitaka wenyeji wakasirike, naye asimame imara kama shujaa. Hawakukasirika hata kidogo. Walimsifu, wakampelekea barua njema. Tena idara ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikishughulika na habari ikamwomba ruhusa kukitafsiri kwa faida ya Wapolishi waliokuwa wakihamia nchini baada ya vita. Ati serikali ilitaka rafiki zake waione hivyo. Mikes alilalamika kwamba picha aliyoichora haikuwa nzuri sana, akaambiwa kuwa ni ya kibinadamu, na hakuna nzuri kuliko hiyo.

Kilichomfariji, kwa maelezo yake mwenyewe, ni habari ya meneja mmoja wa benki. Mkewe alimletea kitabu, yeye akakaa mbele ya moto akakisoma chote huku uso ukizidi kuwa mweusi, na alipomaliza akasema kuwa ni ufidhuli mtupu, akakitupa motoni. Mimi namheshimu yule meneja. Kati ya wasomaji wote huenda ni yeye peke yake aliyeamini kwamba mgeni amesema jambo. Wale wengine walicheka kwa sababu hawakuona hatari yoyote. Nyumba ilikuwa yao, mlango ulikuwa wao, na mcheshi alikuwa amekaa kiti walichompa wao. Mizaha ikichapishwa kwa gharama ya serikali, meno yake yamekwisha kung'olewa, wala haikupigwa ngumi hata moja.

Wala si kila mahali Mwingereza alicheka hivyo. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Sisemi kwamba yaliyomo yote yalikuwa mizaha. Mengine yalikuwa maneno mazito. Nasema tu kwamba yule yule aliyefurahia kuchekwa na Mhungaria kando ya moto wake hakuwa na hamu ya kuchekwa na Mkikuyu kando ya shamba ambalo wote wawili walilidai. Binti wa Kiingereza alisema kweli haitegemei mahali. Kicheko hutegemea sana.

Mikes alilijua hilo kwa upande wa kwao. Katika Budapest ya miaka ile mtu aliweza kufungwa kwa mzaha mmoja juu ya wakubwa. Maasi ya Hungaria yalipozuka tarehe 23 Oktoba 1956, BBC ilimtuma kwenda kuyaona. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Urusi vikaingia Budapest tena, na watu wapata 200,000 wakakimbia nchi, nao wakawa wageni wa aina ile ya karatasi. Alitoa kitabu juu ya maasi hayo mwaka 1957, na mwaka 1959 kingine juu ya polisi wa siri wa Hungaria. Ukitafuta vichekesho katika hicho cha pili utachoka. Kalamu ni ile ile iliyoandika juu ya foleni, ila hapa mwenyeji hakuwa mtu wa kumwekea mgeni kiti.

Baadaye alisafiri sana, akaandika juu ya Wajerumani, Wafaransa, Waitalia, Waswisi na Wajapani, kila taifa na kitabu chake. Vingine ni vizuri, vingine vinaonyesha kwamba mtu hawezi kulicheka vema taifa ambalo amekaa nalo kwa miezi michache tu hotelini. Mwaka 1977 aliwarudia Waingereza kwa How to be Decadent. Wakati huo dola yao ilikuwa imekwisha, na mwaka mmoja kabla yake serikali yao ilikuwa imekopa fedha kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, kama sisi wengine. Walikinunua hicho nacho.

Uraia wa Uingereza aliupata mwaka ule ule wa 1946. Mwisho wa kitabu chake cha kwanza anawapa mashauri wageni watakaofuata njia hiyo. Anataja kwanza neno lenyewe la Kiingereza la kumpa mgeni uraia, ambalo maana yake ni kumfanya kiumbe wa asili, na kwa hiyo anauliza kabla ya hapo alikuwa kiumbe gani. Kisha anaagiza kwamba raia mpya aanze kula uji kila asubuhi na kudai kwamba anaupenda. Msomaji wa huku, aliyelelewa kwa uji, hataona taabu iko wapi. Tena, asema, raia mpya akikutana na mtu wa kwao azungumze naye kwa Kiingereza, na akane kabisa kwamba anajua lugha nyingine. Agizo hilo naona lilifika kwa makarani wa Nairobi hata kabla kitabu hakijafika.